Kalenda Iliyoishi Buenos Aires

Kwa miaka kadhaa kalenda ya mwenyekiti wetu iliishi Buenos Aires, na ni mimi niliyeipeleka huko. Mwenyewe hakujua. Alikuwa akiamka kwake karibu na Kimulot, anakama, anakunywa chai, anafungua simu na kuona kwamba mkutano ni saa tatu, na saa tatu anafika. Hakuhitaji kujua zaidi ya hapo, na mimi sikuona sababu ya kumwambia.

Nieleze vizuri, maana jambo hili ukilisikia nusu utadhani nina wazimu. Sisi tunasema saa tatu asubuhi. Kompyuta inaandika tisa. Mtoto wa darasa la pili anajua kugeuza, anatazama namba inayoelekeana na ile anayoitaja, na sisi wa ofisini tunafanya hivyo bila kufikiri, mdomo unasema tatu, kidole kinabonyeza tisa. Kidole cha mwenyekiti kilifuata mdomo. Saa yake ya mkononi, ya kamba ya ngozi iliyochakaa, ilikuwa imegeuzwa: ikifika saa tatu, mshale mfupi unalala kwenye tatu. Alikuwa anaitazama hiyo, anaandika alichokiona, anatuma mwaliko. Watu wote wanapata mkutano wa saa tisa za usiku.

Mara ya kwanza, meneja wa malori yanayotubebea chai alipiga simu akicheka, akauliza kama siku hizi tunakutana na fisi. Mkaguzi mmoja mgeni wa nchi hakuuliza kitu. Alijibu kwa heshima kwamba atakuwepo saa tisa usiku bila kukosa. Nikawa kila mwaliko unaotoka kwa mwenyekiti naufungua, nausogeza, nautuma upya, na chini yake naomba radhi kwa kosa la mtambo. Hakuna aliyeniajiri kwa kazi hiyo. Niliajiriwa kuwa katibu, kupokea simu na kupanga mafaili, lakini mtu akishajua mahali uchafu unapodondoka, fagio huwa lake.

Kisha mchana mmoja, ile mvua yetu ya saa nane ikipiga mabati hata mtu hasikii simu ikilia, niliomba simu ya mwenyekiti nimwekee picha za kiwanda, nikaingia kwenye mipangilio ya kalenda. Kuna mahali unachagua mji. Nilijiuliza: kama kalenda yake peke yake ingekaa nyuma yetu kwa saa sita, je? Nikashuka na ile orodha ya miji, nikafika Buenos Aires. Sikuijua zaidi ya mpira. Nikaichagua, nikaandika mkutano wa majaribio saa tatu. Kwenye kompyuta yangu ukatokea saa tisa ya Kizungu, yaani saa tatu yetu ya asubuhi, pale pale ulipotakiwa.

Na kuna lililonifurahisha zaidi. Huko, siku mpya huanza wakati kwetu jua linachomoza. Kwa hiyo kwenye kalenda ya mwenyekiti siku ilianza asubuhi, kama walivyohesabu bibi zetu wote, wa Kipsigis na wa Kisii, na nusu ya kwanza ikawa mchana na nusu ya pili ikawa usiku. Nilicheka peke yangu ofisini. Katika maisha yangu sijawahi kubuni kitu kingine, na hata leo nasema ile ilikuwa dawa safi. Saa ya simu yenyewe sikuigusa, na mzee hakuwa akiitazama. Kengele za kukumbusha alikuwa ameshazizima tangu siku moja zilipomlilia kanisani katikati ya maombi.

Makosa yakakoma. Baada ya muda nikasikia mwenyekiti akijigamba kwa wazee wenzake kwenye ngazi za ofisi kwamba simu yake ina akili, inajua saa za Kiswahili, si kama zao. Wazee wakaipokea mmoja mmoja, wakaigeuza mikononi. Mimi nilikuwa pembeni na sinia la vikombe. Nilitabasamu kama mama anayesikia mtoto akisifiwa bila kutajwa mzazi wake, na wakati huo kutotajwa hakukuniuma.

Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa za mifugo. Ni kampuni ndogo ya wakulima wenyewe, wale waliochoka kupeleka majani yote kwenye viwanda vikubwa, wakajenga kimoja kidogo cha chai ya majani ya kusokotwa, si ya kusagwa, na kuiuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje. Wakulima wengi ni Wakipsigis. Mimi nilizaliwa kambini, kwenye zile nyumba za mstari za wachuma chai. Wazazi wangu walivuka kutoka Kisii kabla sijazaliwa. Kipsigis nakisikia chote, hata utani wake, ila nikikizungumza watu wanacheka matamshi, kwa hiyo nasikia kwa Kipsigis na kujibu kwa Kiswahili. Mwenyekiti aliniita madam. Niliona ni heshima, na ilikuwa heshima, mpaka nilipomsikia akimwita mwingine vinginevyo.

Huyo mwingine alikuja mwezi wa kumi. Msichana wa Kipsigis kutoka Sosiot, mwenye digrii ya Nairobi, anavaa raba nyeupe kwenye matope yetu na hazichafuki. Sijui alizifanyaje. Wiki ya kwanza aliniita anti. Nilimtazama, nikatazama nyuma yangu kama kuna mtu mzima amesimama, halafu nikaitika.

Alikuwa hajamaliza hata siku kumi alipoinua mkono kwenye kikao cha Jumatatu. Akasema kwamba Uingereza saa zao zinarudishwa nyuma mwishoni mwa wiki, kwa hiyo simu yetu ya kila Jumanne na wanunuzi wa huko, ambayo tumezoea saa sita, sasa itakuwa saa saba, na kwamba kalenda yetu haitajisogeza yenyewe kwa sababu sisi ndio tulioiandika kwa saa za Nairobi. Alisema hivyo kwa utulivu, na kalamu mkononi. Mwenyekiti akaacha kutafuna mandazi. Wakulima wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema kweli elimu ni kitu, na kikao kizima kikapiga makofi.

Miaka yote hiyo, kila mwezi wa tatu na kila mwezi wa kumi, ni mimi niliyesogeza simu ile ya Jumanne. Nilikuwa nafanya Ijumaa jioni watu wakishaondoka, kimya kimya, ili Jumanne ikifika kila mtu akute kila kitu mahali pake na asijue kwamba kulikuwa na shida. Nilidhani huo ndio uhodari. Kumbe uhodari ni kuinua mkono. Mimi nilipiga makofi pia, na viganja viliniwasha mpaka jioni.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilinenepa. Kila alipopita kwenda ofisi ya mwenyekiti nilivuta sahani ya mandazi. Nilianza kuhesabu vitu ambavyo sikuwa nimewahi kuviona vina thamani. Mwenyekiti akiingia alikuwa anaanzia mlango wangu. Sasa anaanzia dawati la msichana. Alikuwa ananipa mimi simu yake nimtafutie namba. Sasa anampa yeye. Wanasalimiana chamgei, wanacheka, wanaulizana habari za ng'ombe wa kwao. Mimi akaendelea kuniita madam. Yeye alimwita msichana wangu.

Wakati fulani msichana alitoka kwao na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala yenye mkaa, akamimina kwa wote. Mwenyekiti akafumba macho akinywa. Mimi kila nikitoka kwa ndugu zangu Kisii humletea mkungu wa ndizi, na yeye husema kongoi, asante sana, na saa kumi nawaona walinzi wakizichemsha getini. Nilikunywa mursik ile. Ilikuwa tamu na jambo hilo liliniudhi kuliko kama ingekuwa mbaya.

Haya yote ningeyameza kama isingekuwa habari ya meneja. Meneja wetu wa ofisi, mzee mpole aliyekuwa pale tangu kampuni inaanza, alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Mwenyekiti alitwambia waziwazi, mimi na yule msichana tukiwa tumesimama sambamba mbele ya meza yake, kwamba bodi haitatafuta mtu wa nje. Atapendekeza mmoja wetu. Alisema hivyo akitabasamu, kama anayetangaza pipi. Kile kiti nilikuwa nimekisubiri tangu mwanangu wa kwanza yuko chekechea. Nilikuwa ninajua hata mguu wake upi unalegea. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kushindwa, maana nani ampendekeze fagio wakati kuna kalamu?

Basi wakaja Wajapani. Nasema wakaja, lakini walikuja kwa kioo cha kompyuta tu. Walikuwa wameonja chai yetu mahali fulani, wakataka kuongea na mwenyekiti mwenyewe, mkulima, si karani. Walitusogeza, tukawasogeza, mwishowe tukakubaliana Jumanne saa tatu asubuhi, ambayo kwao ni alasiri. Niliuandika mwaliko mimi mwenyewe. Kwenye kompyuta yangu ulisoma tisa. Kwa mwenyekiti, huko Buenos Aires yake, ulisoma tatu. Niliukagua mara mbili.

Jumanne hiyo tulikuwa tumeketi mapema. Msichana alikuwa amepanga makopo ya chai nyuma ya kiti cha mwenyekiti ili yaonekane kwenye kioo, na alikuwa ameyapanga vizuri, sina la kusema. Saa tatu kasoro kidogo mwenyekiti hakuwa amefika. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Baadaye tulijua kwamba simu ilikuwa kwenye mfuko wa koti lililoning'inia mlangoni, na mwenyewe yuko zizini na daktari wa mifugo. Nikafungua barua pepe kuona kama ameandika lolote, na pale nikaukuta mwaliko wake wa jana jioni: ziara ya kiwandani siku ya Alhamisi, wote tunaombwa kuhudhuria, saa kumi za usiku.

Niliuelewa kabla sijamaliza kuusoma. Alikuwa amekusudia saa nne asubuhi. Alikuwa ameandika nne kama kawaida yake, lakini safari hii nne ilibaki nne. Mtu alikuwa amemtoa Buenos Aires.

Nikamuuliza msichana kama amewahi kushika simu ya mwenyekiti. Akasema ndiyo, Ijumaa, alimwekea programu ya mazungumzo haya ya leo, na alipoona kalenda iko Argentina akairudisha Nairobi, pengine iliharibika yenyewe. Alisema hivyo akiwa anafuta vumbi kwenye kopo. Nami niseme lililo kweli: nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni ikafika masikioni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yenyewe nilikuwa naiona. Kalenda ya mzee sasa ilikuwa inasema tisa. Mzee aliyezoea kwamba tisa ni tisa angekuja saa tisa.

Wajapani walitokea kwenye kioo, watatu na mkalimani wao, wamevaa suti. Tulisema mwenyekiti amepata dharura. Waliinamisha vichwa. Tulizungumza nao mimi na yeye, yeye kwa Kiingereza chake laini, mimi nikishika bei na mizigo, lakini walikuwa wanatazama kile kiti kitupu katikati yetu na makopo yake yaliyopangwa. Mwishowe mkalimani akasema kwa upole kwamba wataandika barua pepe. Kila anayefanya biashara anajua maana ya mnunuzi kusema ataandika.

Tulimpigia mzee mpaka tukakata tamaa. Saa tisa kasoro, tukaona gari lake likiegesha.

Alikuwa amevaa suti ya Krismasi. Alikuwa amenyoa ndevu, amefunga tai, na mkononi ameshika tawi la chai, majani mawili na chipukizi, amelichuma shambani kwake awaonyeshe. Alipanda ngazi bila kutuona, akaingia chumba cha mikutano, akaketi kwenye kile kiti, akaegemeza simu yake kwenye kopo la chai na kuiweka sawa. Aliliweka tawi mbele yake. Kisha akakaa wima, akisubiri Japani. Ile furaha yangu ya asubuhi nikaitafuta, sikuiona.

Msichana ndiye aliyeingia kumwambia, mimi nikiwa nyuma yake mlangoni. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alitazama saa yake ya mkononi, akatazama simu.

“Nani aliguza simu yangu?” akauliza.

“Ni mimi, mzee,” msichana akasema bila kungoja. “Nilipata kalenda imewekwa Argentina. Nikafikiria ni makosa ya simu.”

“Argentina? Hii simu imefika Argentina namna gani?”

Mvua ilikuwa imeanza. Nikasema ni mimi niliyeipeleka. Nikaeleza yote, saa sita za nyuma, mji, siku inayoanza asubuhi. Nilikuwa nimeingoja siku ya kueleza ubunifu wangu kwa mtu, na nilipokuwa naeleza nikasikia sauti yangu inapanda kwa majivuno, kisha nikamwona uso wake ukishuka.

“Kwa hivyo simu haikuwa inajua kitu,” akasema. “Ni wewe ulikuwa unanijulia.”

“Sikutaka kukusumbua, mzee.”

“Nilikwambia lini kwamba sijui kugeuza saa?”

Alikuwa hajaniambia. Nilikuwa nimeona saa iliyogeuzwa, nimeona mkutano wa saa tisa za usiku, nikajumlisha mwenyewe. Nilijua anawafikiria wale wazee wa kwenye ngazi, waliopokezana ile simu yenye akili. Nilingoja amgeukie msichana amkemee, maana hasara aliileta yeye. Alimkemea, lakini kidogo, akamwambia tu kwamba siku nyingine aulize kwanza. Tawi la chai lilikuwa likinyauka mezani.

Ndipo msichana akauliza. Aliuliza kwa Kipsigis, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani: mzee, hiyo saa yako, kwa nini imegeuzwa?

Swali dogo namna hiyo. Saa ile nilikuwa nimeiona miaka yote, nimeisikia ikigonga meza akisaini hundi, nimempelekea fundi aibadilishe betri na kumwonya fundi asiiguse mishale. Kuuliza hakukunijia hata siku moja.

Mzee akaivua. Akasema, kwa lugha ile ambayo mimi ninasikia na siijibu, kwamba alipooa alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani, anatoka alfajiri. Gari la maziwa lilikuwa linapita saa moja, ukilikosa maziwa yameharibika. Mkewe hakusoma. Namba alizijua za sokoni, lakini mambo ya kutazama namba inayoelekeana yalimchosha, akasema kwa nini saa iseme uongo halafu mtu aitafutie ukweli. Basi mume akaigeuza mishale ili asome kile anachokisikia watu wakisema, akawa anaiacha saa kwenye msumari kando ya mlango kila akitoka. Maziwa hayakuchelewa tena. Mke alipofariki, aliitoa saa msumarini akaivaa hivyo hivyo. Kugeuza anajua, alisema, alijua tangu shule. Ila akitaka kuandika saa hutazama mkono wake, na mkono wake husema kama mkewe.

Msichana alikuwa na machozi. Akamwambia pole, akaishika ile saa kwa mikono miwili. Mzee akamtazama kama mtu aliyetua mzigo. Na mimi niliyesimama mlangoni nilimwonea wivu kuliko siku ya makofi, kuliko siku ya mursik. Makofi ningeweza kusema yalinipita kwa bahati mbaya. Lakini hadithi ile ilikuwa imekaa miaka yote hatua chache kutoka dawati langu, imevaliwa mkononi, inangoja mtu aulize, na mtu aliyeuliza ni wa juzi. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi za kumsaidia.

Wajapani waliandika, kinyume cha nilivyotarajia. Mzee aliwajibu mwenyewe, akaomba radhi, na kwenye mkutano wa pili aliingia kabla yetu sote, na kalenda ya Nairobi, akiwa amegeuza saa kichwani bila msaada wa mtu. Tawi jipya la chai lilikuwa mbele yake. Wananunua hadi leo.

Na kiti cha meneja nilikipata mimi. Mwenyekiti alinipendekeza kwa bodi na bodi ikakubali bila mjadala. Alisimama mbele ya wakulima akasema kwamba madam ameibeba ofisi hii miaka mingi bila kupiga kelele, na kwamba mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuangalia mambo. Watu wakapiga makofi, msichana akipiga kuliko wote, akanikumbatia, akaniita anti mbele ya bodi nzima. Nilifurahi. Nina mlango wangu, nina kiti kile ambacho mguu wake nimeukaza mwenyewe, nina saa ya ukutani juu ya kichwa changu ambayo kila anayeingia anaweza kuisoma.

Ila anayeingia ni nani? Wenye shida za malori na umeme. Mwenyekiti anapita mlango wangu, anasema habari ya asubuhi madam, anaendelea mpaka kwenye lile dawati la msichana. Huko anaketi. Siku hizi amemsimulia habari za mkewe karibu zote. Nasikia kupitia ukuta wa mbao, kwa Kipsigis. Najua jinsi alivyokuwa akiimba akikama na jinsi alivyokataa kabisa kupanda chai upande wa mtoni. Hakuna hata moja niliyosimuliwa mimi.

Mwaka huu mvua za kwanza zilipoanza, mzee alinunua simu mpya. Nilimwona akipanda ngazi nayo, bado ina karatasi yake ya nailoni, nikaondoa mafaili kwenye kiti cha wageni. Akapita. Nikasikia akimwambia msichana kwamba amechoka kupingana na mkono wake, kila saa kugeuza, kugeuza, na kwamba anataka arudishiwe kalenda ile ya zamani, iliyokuwa inakubaliana na saa ya mama, marehemu mkewe.

Kisha sauti ya msichana ikapita ukutani, safi, isiyo na ubaya wowote.

“Anti, ule mji uliitwaje?”

Ningeweza kusema nimesahau. Ningeweza kusema leteni hapa hiyo simu. Nilimwambia Buenos Aires, nikamtajia herufi moja moja, nikamweleza abadilishe kalenda tu na asiguse saa ya simu. Nikasikia mzee akicheka na kusema kongoi mising, na najua vizuri alikuwa amemtazama nani.